Fundi anapima kwanza: ubunifu wa vitu katika Bukavu na Kivu yetu

Siku hizi kijana akimaliza masomo na kurudi Bukavu, anarudi na jina jipya la kazi. Anasema yeye ni dizaina. Wamama wa nyumbani wanamwuliza: «Dizaina ni kusema nini, mwana wetu? Unashona? Unajenga? Unapakaa rangi?» Naye anapata shida kujibu, kwa sababu anafanya kidogo ya hiki na kidogo ya kile. Leo anachora kadi za ndoa, kesho anaandika jina la duka ukutani, kesho kutwa shirika fulani linamwita atengeneze picha za kufundisha watu kuchemsha maji. Hana patro, hana mshahara wa mwezi, anangoja komande. Sisi tulio na umri tunacheka kidogo, lakini tukikaa na kufikiri tunaona kwamba kazi hiyo si ngeni katika Kivu. Jina ndilo geni. Wazee wetu walikuwa na neno moja lililotosha, nalo ni fundi.

Mtu asidhani kwamba fundi ni yeyote anayefanya kazi kwa mikono. Anayepandisha matofali hafanyi kazi ndogo, lakini haitwi fundi. Ni msaidizi, na siku moja labda atakuwa fundi. Fundi ni yule anayesimama kwanza na kuangalia. Kama ni fundi wa nguo anatoa mita, anakuzungushia mabegani na kiunoni, anaandika namba zako katika kaye lake. Anauliza: ni ya kanisa ao ya kila siku? Utanenepa tena ao umefika mwisho? (Fundi wa Kadutu hawana haya kuuliza hivyo.) Kisha ndipo mkasi unaingia kitambaani. Katika kupima huko tunaona mwanzo wa yote wanayofundisha leo Ulaya na Marekani chini ya jina la ubunifu unaomtanguliza mtu. Na katika kuacha kupima tunaona mwanzo wa hasara nyingi zilizotupata, pamoja na moja yetu wenyewe ambayo tutaieleza hapa bila kuificha.

Tuanze na zamani za ziwa. Katika karne ya 19, kabla ya franka na kabla ya Wabelgiji, kulikuwa biashara kubwa ya butega katika nchi zinazozunguka Ziwa Kivu. Butega ni bangili nyembamba zilizosukwa kwa nyuzi za mimea. Zilisukwa hasa na Watembo, upande wa msitu, magharibi ya ziwa. Wahavu wakazivusha kwa mitumbwi, zikafika mpaka Rwanda, ambako wanawake walizivaa miguuni, nyingi kwa pamoja. Zilibadilishwa kwa mifugo na kwa vyakula, zikawa kama pesa. Mwanahistoria David Newbury aliandika juu ya biashara hiyo mwaka wa 1980, na anayesoma Kiingereza atafaidika kumtafuta. Sisi tunaangalia jambo moja tu: msukaji alikuwa msituni, na mguu uliovaa ulikuwa ng'ambo ya ziwa. Hakumwona mwenye kuvaa. Alitegemea mfanyabiashara arudi na habari, hii imependwa, hii imebaki mkononi. Hiyo nayo ni namna ya kupima, ingawa ni ya mbali na ya polepole.

Fundi wa kijijini alikuwa na bahati zaidi, maana mteja wake alikuwa jirani. Kitunga cha kuwekea maharagi kinasukwa kwa kubana sana. Cha kubebea mihogo iliyotoka kulowekwa kinaachwa na nafasi ili maji yatoke. Mpini wa jembe unakatwa kwa kufuata urefu wa mwenye kulima, ndiyo maana mama mrefu na mama mfupi hawaazimani jembe kwa furaha. Hakuna aliyeandika mambo hayo katika kitabu. Mama alikirudisha kitunga kibaya kwa aliyekisuka, akamwambia mbele ya watu, na kilichofuata kikawa bora.

Mambo yalibadilika mji ulipojengwa. Costermansville, ndivyo Wabelgiji walivyouita toka 1927 mpaka miaka ya 1950, uliwekwa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Wazungu walijikalia upande wa rasi, penye upepo mzuri, na Waafrika wakapewa kilima cha Kadutu. Mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni iliunda Office des Cités Africaines, kazi yake ikiwa kujenga nyumba za Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo na Ruanda-Urundi. Hapa kwetu ndiyo iliyojenga Bagira. Tuseme kweli: ilikuwa kazi ya nguvu, yenye barabara zilizopangwa na nyumba ambazo watu wamezaliana ndani yake mpaka leo. Lakini mchoro ulikuwa umefikiria familia ndogo: baba, mama na watoto wao, basi. Haukumfikiria shangazi aliyekuja kwa matibabu akakaa miaka mitatu, wala wajukuu wanaokuja kusoma, wala mama anayetaka kupika nje kwa sababu ya moshi, wala baba aliyepoteza kazi na sasa anauza sabuni na chumvi dirishani. Anayetembea Bagira akiwa na macho ya fundi anaona wazi: hapa wameongeza chumba, pale jiko limetolewa nje, kule ukuta wa mbele umetobolewa kuwa duka. Kila kipande kilichoongezwa ni jibu la swali ambalo mchoraji hakumwuliza mtu.

Baada ya uhuru tulitawaliwa na agizo la namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu alileta siasa ya kurudia asili yetu, suti na karavati zikakatazwa, na fundi wa nguo wa nchi nzima wakajifunza kushona abakosti. Watu wazima wanakumbuka ilivyokaba shingo wakati wa jua. Iliendelea mpaka tarehe 24 Aprili 1990, siku Rais alipotangaza kumalizika kwa chama kimoja na kurudisha ruhusa ya karavati. Miaka karibu ishirini ya nguo iliyopimwa kwa shingo ya mtu mmoja!

Lakini kilichobadilisha maisha ya fundi zaidi kuliko abakosti ni uchumi. Tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa zairianizasio. Maduka, mashamba na ateliye za wageni ziligawiwa wenye nchi, na nyingi zikafa mikononi mwao. Fundi waliokuwa na mshahara wakajikuta barabarani na nyundo yao. Hapo ndipo ule msemo wa Artikle 15 ulipokuwa sheria ya kweli ya nchi: jitafutie. Mwenye mashini ya kushona aliiweka chini ya baraza la mwenye duka; mwenye brashi aliandika majina ya bar na ya mabasi. Mmoja wa vijana hao alikuwa Chéri Samba, aliyefika Kinshasa mwaka wa 1972, akajifunza kwa waandishi wa mabango, na mwaka wa 1975 akafungua ateliye yake mwenyewe. Leo picha zake ziko katika makumbusho ya Ulaya. Wengi wa wenzake walibaki kwenye mabango, na si kwa kukosa kipaji.

Hiyo ndiyo kazi ya komande, na hatuidharau. Imelea watoto wengi wa Bukavu. Lakini ina ugonjwa wake. Fundi wa komande, njaa ikimbana, anauliza maswali mawili tu: unataka nini, na uko na franka ngapi? Mteja akisema anataka mlango, anapewa mlango, hata kama shida yake ilikuwa dirisha. Na mteja, sababu yeye ndiye mwenye pesa, hapendi kuulizwa zaidi. Kadiri vita vilivyofuatana, 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025, mteja mkubwa wa fundi wetu alikuwa mara nyingi si jirani tena bali proje. Proje inakuja na mchoro wake tayari, na tarehe ya kumaliza, na bango la kuonyesha nani ametoa pesa. Bango linapimwa vizuri sana.

Hata hivyo, tulipata kuona kazi ya karatasi iliyofikiria mtu, na wengi tulipita bila kuiona. Ni karatasi za kura za tarehe 30 Julai 2006. Wagombea urais walikuwa 33, na wagombea ubunge maelfu kwa viti 500. Nchi ilikuwa na watu wengi wasiojua kusoma. Basi kila mgombea aliwekwa na picha yake na namba yake, na katika miji mikubwa karatasi ilifunguka kama gazeti. Tulicheka ukubwa wake. Lakini mama mzee asiyejua herufi aliweza kuingia peke yake nyuma ya pazia, akatafuta sura aliyoijua, akaweka alama, akatoka. Tarehe 30 Desemba 2018 tuliletewa mashini ya kugusa kwa kidole. Picha zilikuwamo pia, lakini mama yuleyule, ambaye hakuwa amewahi kushika simu ya namna ile, alihitaji mtu wa kumsaidia kugusa, na kura yenye msaidizi si siri tena. Tunaacha siasa kando. Tunasema juu ya kidole na mashini tu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, nalo ni mzigo.

Fundi waliopima vizuri kuliko wote katika Kivu hawako Bukavu. Wako kwa ndugu zetu wa Goma na vijiji vyake. Kazi yao ni chukudu, iliyoenea toka miaka ya 1970. Asiyeijua afikirie kinga ya mbao isiyo na pedali: ubao mrefu na mnene wa kubebea mzigo, usukani kama pembe za ng'ombe, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa taili za zamani. Msukumaji anaweka goti moja juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa ubaoni, na mguu mwingine unasukuma chini. Akiteremka anapanda juu yake, na breki ni kipande cha taili anachokikanyaga kibane gurudumu la nyuma. Inabeba kilo mia kadhaa: viazi, kabichi, makala, mbao.

Tuangalie kile kilichopimwa. Fundi alipima mafuta, akaona hayapatikani ao ni ghali. Alipima vipande vya spea, akaona kinga ya chuma ikivunjika Kibumba hakuna wa kuitengeneza, lakini mti uko na panga liko. Alipima goti la mtu. Juu ya yote alipima nchi: shamba liko juu na soko liko chini. Mzigo mzito unateremka kutoka milimani kwenda Goma, na chukudu inarudi juu ikiwa nyepesi. Mtu aliyeichora chukudu bila kujua mteremko ule angekuwa amechora kitu cha kuchekesha. Baada ya Nyiragongo kumwaga moto wake juu ya Goma tarehe 17 Januari 2002, chukudu zilibeba mbao za kujengea upya. Mwaka wa 2009 mji uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Sijui, tunaulizana, ni miji mingapi duniani iliyoheshimu chombo cha maskini namna hiyo.

Kwetu tulipima vizuri ziwani. Sambaza hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Samaki mpya alihitaji chombo kipya, maana anaishi mbali na ufuo na anapanda juu usiku akifuata mwanga. Wavuvi wakaja kufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wavu ukining'inia kati, na taa zikiwaka juu ya maji. Anayekaa Muhumba ao Nguba usiku usio na mwezi anaziona kama mji mwingine umejengwa ziwani.

Ni nchi kavu ndipo tulishindwa. Bukavu haina chukudu, na si kwa uvivu. Mji wetu ni milima. Boti za Idjwi na Kalehe zinashusha mzigo ufuoni, na soko la Kadutu liko juu. Kati yao ni vijia vya mteremko mkali, ngazi zilizochongwa katika udongo, na matope toka Septemba mpaka Mei. Kwetu mzigo unapanda. Basi chombo cha Bukavu kimekuwa mgongo wa mama. Wote tunawajua: mfuko wa kilo 50 ao zaidi mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso, mwili umeinama mpaka macho yanaona vidole vya miguu tu. Akifika anapewa franka chache, anashuka tena.

Wapapa tuna maneno mengi juu ya jambo hilo. Tunasema ni desturi. Tukiwa jamii ya utamaduni tuna lazima ya kujibu. Ni kweli kwamba katika Bushi mama alibeba kuni na mavuno kwa kamba ya paji. Lakini alibeba ya nyumba yake, kwa siku alizochagua, na nyumba ilikuwa na ng'ombe na shamba. Kubeba mizigo ya wafanyabiashara toka asubuhi mpaka giza, kila siku, ni jambo la mji na la vita. Limeongezeka watu walipokimbia vijiji vyao, ng'ombe wakiwa wameibwa na shamba likiwa halilimiki. Kuliita desturi ni kumbebesha babu makosa yasiyo yake.

Kwa moyo huo sisi wenyewe, wanachama, tulikusanya michango yetu. Tuliona haya ya kuwatazama wale wamama kila siku. Tukakaa katika chumba, tukachora puspus, yaani mkokoteni wa chuma wenye magurudumu mawili, tukampa fundi wa kusodea komande ya sita. Fundi alifanya vizuri alichoambiwa. Aliuliza jambo moja tu, kama tunataka rangi ya bluu ao ya kijani. Tulichagua kijani. Siku ya kuzitoa tulisema hotuba, tukapiga picha.

Baada ya wiki tatu tulikuta puspus mbili zikibeba matofali ya mtu kwenye barabara ya lami, moja ikiwa banda la kuku, nyingine hatukuziona tena. Wamama walikuwa wanapanda kilima na kamba zao kama kwanza. Tulikasirika, mmoja wetu alisema neno baya juu ya watu wasiopenda kusaidiwa. Ndipo mama mmoja alipotua mzigo wake, akapangusa jasho, akatuambia kwa heshima yote:

«Bapapa, puspus yenu iko muzuri. Lakini haina magoti.»

Hakuwa na haja ya kuongeza. Puspus haipandi ngazi. Katika matope inarudi nyuma na kumvuta mwenye kuisukuma. Tena, kwa kuwa ni chombo, wanaume waliitamani. Kazi ikipata magurudumu inakuwa ya mwanaume, na mama anapoteza hata zile franka chache. Yote hayo angetuambia kabla hatujanunua chuma, kama tungemwuliza.

Kosa hilo si letu peke yetu, na hiyo si kwa kujitetea. Victor Papanek, aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi zaidi Marekani, alitoa mwaka wa 1971 kitabu Design for the Real World, akiwalaumu wabunifu wa viwanda kwa kupamba vitu visivyofaa na kuwasahau maskini, wagonjwa na vilema. Ilichukua muda mrefu kusikilizwa. Mwaka wa 2009 kampuni ya IDEO ya Marekani ilitoa kitabu cha maelekezo kwa mashirika ya maendeleo, na fundisho lake la kwanza ni kwenda kumsikiliza mtu. Fundisho zuri. Ila mama wa kijijini aliyerudisha kitunga mbele ya watu alikuwa amekwisha kulitoa bure.

Majirani zetu wa Kenya walilishika katika jambo la jiko. Miaka ya 1980 walichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, lenye udongo ndani ili makala yasiishe upesi, lakini hawakulinakili. Walilipanua chini na juu na kulikaza kiuno, likakaa imara, maana mpishi wa ugali anasonga kwa nguvu na jiko jembamba linaanguka na sufuria. Likatengenezwa na fundi wa jua kali wenyewe. Anayepika bugali Bukavu juu ya mbabula inayoyumba anaelewa.

Na kwetu? Mfano mkubwa zaidi tulio nao hatuuiti ubunifu, tunauita hospitali. Daktari Denis Mukwege alikuwa anafanya kazi Lemera, mpaka hospitali ile iliposhambuliwa Oktoba 1996. Alipoanza Panzi mwaka wa 1999, nia yake ilikuwa mahali pa wamama kuzaa bila kufa. Mara nyingi ameeleza kwamba mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mama aliyebakwa na kuumizwa. Kisha wakaja wengine, na wengine. Mtu wa komande angesema: mimi nilijenga nyumba ya kuzalia, hao si wangu. Panzi ilibadilisha kazi yake kwa kufuata aliyeingia mlangoni. Kwanza ikawa upasuaji. Lakini mama aliyeshonwa akapona alirudi kijijini akiwa na ndoto mbaya usiku, mume amemfukuza, hana shamba, na aliyemtendea anatembea sokoni. Basi ikaongezwa kazi ya kutunza roho, ikaongezwa kazi ya sheria, ikaongezwa kumfundisha kazi ya kumlisha. Mambo manne katika njia moja, ili mama asirudie hadithi yake ya uchungu katika ofisi nne. Mwaka wa 2018 Daktari alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na dunia ilisifu ujasiri wake, ndivyo inavyostahili. Sisi tunaongeza sifa ya fundi: alikubali kupima upya wakati nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa.

Basi tulirudi kwa wamama wa kamba, safari hii bila mchoro. Tuliwakuta asubuhi ufuoni, wakingoja boti. Mwanzoni hawakuamini, walidhani tumekuja kudai puspus. Tuliwauliza: katika kazi hii, ni saa gani inaumiza zaidi? Tulitegemea waseme mlima, ao uzito, ao kamba. Mama mmoja alisema: «Ni kutua.» Wengine wakaitika wote kwa pamoja.

Walitueleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Njia ni ndefu na lazima kupumzika. Lakini ukitua mfuko chini, huwezi kuupandisha mgongoni peke yako. Unahitaji watu wawili, na vijana wanaosimama pale wanadai pesa ya kunyanyua. Kwa hiyo mama hatui. Anapanda bila kupumzika, ao anajiegemeza kwenye ukuta wa mtu mpaka mwenye nyumba amfukuze. Mwenye mimba naye hatui. Walichotaka kilikuwa kidogo mpaka tukaona haya: mahali pa kuegesha mzigo bila kuutoa mgongoni. Ukuta mfupi tu, wa mawe, kando ya njia, wenye kimo cha kiuno, ambao mama anaupa mgongo, mfuko unakaa juu yake, kamba inalegea, anapumua, kisha anainuka na kwenda.

Tulikwenda kwa fundi wa mawe, mzee wa Kadutu. Hakutuuliza rangi. Aliuliza kama wamama hao wako wapi, akachukua kamba nyembamba, akateremka nasi mpaka ufuoni. Aliwapima saba, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama na mzigo mgongoni, toka udongoni mpaka chini ya mfuko, na kwa kila mmoja alifunga fundo. Wamama walicheka sana. Mmoja alimwambia kwamba toka siku ya nguo ya ndoa hakuna aliyempima tena. Mzee alinyoosha kamba juu ya jiwe, tukaona mafundo hayakukaa mahali pamoja: manne yalikuwa karibu karibu, matatu yalikuwa chini zaidi. Alitazama muda, akasema ukuta mmoja hautatosha. Akajenga miwili, mrefu na mfupi, mbele ya ile ngazi ya pili.